Paipu ya Nne

Nimerudisha mabuti leo, na kofia, na mshipi,
na koti lenye jina la mtu aliyelivaa kabla yangu.
Kisilu wa bohari akahesabu, kalamu mdomoni.
Tochi iko wapi, Nasimiyu?
Iko kisimani, Kayole, mwaka ule wa mafuriko,
tulipomtoa fundi aliyekuwa akiimba huko chini
ili tujue bado yu hai.
Kisilu akaandika: *Imepotea.*

Miaka ishirini na sita,
kituo cha pembeni mwa jiji, lango linakwama mvua ikinyesha,
gari moja, wekundu wake umefifia kama leso iliyofuliwa mno.
Tuliliita Bibi Harusi,
kwa kuwa halikuwahi kufika popote kwa wakati.

Gikomba walitupiga mawe. Gikomba walitushangilia.
Mwezi mmoja, watu wale wale.
Hakuna aliyeuliza bomba la barabarani liko wapi:
liko chini ya kibanda cha viatu, limezibwa kwa saruji,
na mwenye kibanda ana risiti ya kodi.

Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Sisi tulilipwa mshahara kuyamwaga.
Lita elfu tano: dakika nane, ukiwa bahili.
Kisha paipu inalegea mikononi mwako
na umati wote unakutazama wewe, si moto.

Mukuru, usiku wa Jumanne.
Bibi Harusi alikomea penye kinyozi;
njia iliyobaki ilikuwa ya mtu mmoja na ndoo yake.
Tukaunga paipu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne ilipasuka Krismasi,
na barua ya kuombea nyingine ilikuwa bado safarini,
ofisi hadi ofisi, ikipigwa mihuri.
Maji yalifika nyumba ya kumi na moja.
Moto ulikuwa nyumba ya kumi na nne.
Nimerudi kupima kwa miguu, mchana,
mara nyingi kuliko ninavyokiri:
hatua kumi na tisa.

Obonyo aliitupa paipu, akampokonya mama mmoja ndoo.
Mimi nikashika beseni.
Ndipo waliokuwa wameokota mawe
wakayaweka chini, taratibu, wakaokota sufuria.

Ya nyumba ya kumi na nne sisemi.
Mwenye nyumba yupo, anauza njugu penye kituo cha basi.
Nikipita huniongezea kijiko juu ya kipimo
na tunazungumza bei ya sukari.

Penye moshi hapakosi moto, wasema.
Nilichokuta mimi hakikosi ni mtu kando,
nywele zimejaa jivu, ameshika kitu kimoja:
rimoti. Kiatu cha kushoto. Kalenda ya mwaka juzi.
Hukishika hivyo hadi kunapambazuka,
wala usimwambie akiweke chini.

Tulitoa pia ng'ombe chooni, Njiru,
na kidole cha bwana harusi kwenye pete ya mkopo.
Na mtoto alizaliwa juu ya matandiko yetu,
foleni ya Barabara ya Kangundo, king'ora kinalia bure.
Kwao wanamwita Pampu. La kanisani silijui.

Mabuti amepewa Naserian, ana wiki tatu kazini.
Yanampwaya. Nimemwambia ajaze gazeti kwenye vidole
na asijibu tusi la mtu anayeunguliwa.

Usiku huu nimeamka mara mbili kukagua mtungi wa gesi,
nikafungua mfereji, nikausikiliza, nikaufunga.
Wafula amegeuka upande wa ukuta. Amezoea.
Nje, kwenye msumari, nimetundika paipu mpya ya bustani,
ya kijani, pesa yangu mwenyewe.
Sina bustani.
Nimeinyoosha koridoni, nimepima:
inafika mlango wa jirani wa tatu.